Tumbusi Mla Chikichi wa Misitu ya Kibaha na Kisarawe

Anapotajwa tumbusi, wengi humfikiria ndege wa mizoga mwenye shingo tupu. Yupo mmoja asiyefanana na maelezo hayo, naye ni mkazi wa ukanda wa Pwani. Kitaalamu huitwa Gypohierax angolensis, na chakula anachokipenda zaidi ni matunda ya mchikichi na mwale.

Ndege huyu ana urefu wa takriban sentimita 60. Kichwa, shingo na tumbo ni vyeupe. Mbawa zina weusi mwingi, na mkia mweusi huishia kwa ncha nyeupe. Ngozi inayozunguka macho haina manyoya, nayo ni nyekundu. Akiruka juu ya mto ni rahisi kumdhania kuwa tai mla samaki. Kinda ni wa kahawia, na huchukua miaka mitatu hadi minne kupata rangi ya wazazi, hivyo asiyewajua huwahesabu kuwa ndege wa aina mbili.

Hulishika tunda kwa kucha na kulichambua kwa mdomo. Matunda yakiadimika hula kaa, samaki, konokono na mizoga midogo. Mara chache hunyakua kuku, na kwa kosa hilo wafugaji humweka kundi moja na mwewe, pengine kwa kumwonea.

Duniani hajaorodheshwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, tofauti na jamaa yake, tumbusi mgongo-mweupe, aliyewekwa katika daraja la hatari kubwa kabisa mwaka 2015, hasa kutokana na mizoga inayotiwa sumu. Sumu hiyo imekatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Hata hivyo, jike hutaga yai moja tu kwa msimu, juu ya mti mrefu, na miti ya namna hiyo imepungua. Katika Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini, unaogusa wilaya za Kibaha na Kisarawe, ukataji wa mkaa wa soko la Dar es Salaam umeendelea kwa miaka mingi. Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), imepandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mwananchi anayeona tanuri la mkaa ndani ya hifadhi anaweza kutoa taarifa ofisi ya TFS ya wilaya au kwa mtendaji wa kijiji.