Karagwe Haikuzaliwa Pembezoni

Katika hotuba na nyaraka zetu, Karagwe na Kyerwa hutajwa kuwa "maeneo ya pembezoni". Msafiri aliyepita wakati wa masika kutoka Omurushaka kwenda Nkwenda hadi Murongo, mpakani mwa Uganda, huliamini neno hilo upesi. Udongo hugeuka utelezi, malori ya ndizi na kahawa hukwama, na abiria hushuka kusukuma gari. Hata hivyo, ndugu msomaji, tope halitoshi kueleza upembezoni huo.

Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka pwani ilipita Tabora, ikaingia Karagwe, ndipo ikaendelea Buganda. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo Kafuro, jirani na Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika. Walileta vitambaa, shanga na nyaya za shaba, wakatafuta pembe za ndovu. John Hanning Speke na James Grant walifika Novemba 1861. Speke aliondoka Januari 1862. Grant, aliyeugua mguu, alibaki hadi Aprili, akaondoka akiwa amebebwa. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1876. Wageni hao walihitaji hisani ya Omukama ili wasonge mbele. Mvua ilinyesha enzi hizo pia, na mabonde yalijaa maji, lakini Karagwe ilikuwa mlango.

Mlango huo ulifungwa na matukio ya miaka michache. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana eneo hili, na njia ya Buganda ikakatwa na mpaka. Mwaka huohuo Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na nguvu za utawala zikahamia ziwani. Ugonjwa wa sotoka ukateketeza ng'ombe, waliokuwa msingi wa utajiri na heshima ya ufalme. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na biashara ya Bukoba ikafuata meli. Karagwe ikawa uani.

Hata misitu ina historia. Mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa. Ni jambo jema, ila tusimwambie mgeni kwamba kila anachokiona ni pori la kale lisilowahi kuguswa na binadamu. Nchi hii ilikuwa ya wafugaji; ng'ombe walipokufa, vichaka na mbung'o vilitwaa baadhi ya malisho.

Chini ya Waingereza, bati lilichimbwa Kyerwa na kahawa ikaendelea kuteremshwa kwenda Bukoba. Barabara ilithaminiwa kwa kile ilichotoa, si kwa watu iliowaunganisha. Hadi leo, kahawa ivushwayo usiku kwenda Uganda tunaiita magendo, na kisheria ndivyo ilivyo. Lakini mwelekeo wake ni uleule wa misafara ya Kafuro.

Lami iliyofika Bugene kupitia Kyaka imeonyesha kwamba udongo huu hujengeka. Mtumishi wa umma anayeandaa bajeti, na mwanafunzi anayeandika tasnifu, wasilitumie neno "pembezoni" kana kwamba ni jina la mlima au mto. Waulize: pembezoni mwa nini, tangu lini, na kwa uamuzi wa nani? Kilichofanywa na maamuzi kinaweza kurekebishwa na maamuzi, na mkulima wa Nkwenda ana haki ya kudai hivyo bila kuambiwa asubiri kiangazi.