Kiendeshi, Diski na Draiva: Historia Fupi ya Kosa la 7B katika Mashine Pepe

Si muda mrefu uliopita ulifika mezani kwetu mwongozo wa kompyuta uliofasiriwa kwa ajili ya watumishi wa ofisi moja. Sentensi mojawapo ilisema: “Mashine pepe ikishindwa kuwaka, ondoa kiendeshi kilichopo, kisha weka kipya.” Mwandishi wa awali alikusudia programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na diski. Mtumishi aliyeisoma alielewa diski yenyewe. Akaifuta, akaunda nyingine tupu, na kumbukumbu zote zikaenda nayo. Nakala ya akiba ilikuwapo, lakini ilikuwa ya wiki iliyotangulia. Kazi ya siku sita ikabidi irudiwe. Chanzo cha hasara hiyo ni neno moja lililobebeshwa maana mbili. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya tatizo lenyewe, kwani si rahisi kuchagua istilahi ya kitu ambacho hatujui kinavyofanya kazi.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Fikra hiyo si ngeni. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa kampuni ya IBM huko Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, walitengeneza mfumo wa majaribio ulioitwa CP-40, ulioigawa kompyuta moja kubwa ili kila mtumiaji ajione kuwa ana mashine yake peke yake. Mwaka 1972 IBM ilitangaza VM/370, mfumo uliofuata njia hiyo hiyo. Kompyuta ndogo za mezani zilifikiwa baadaye: mwaka 1999 kampuni ya VMware ilitoa programu yake ya kwanza ya aina hii, na Februari 2007 programu ya KVM ikaingizwa katika kiini cha Linux, toleo la 2.6.20.

Upande wa pili wa historia hii ni Windows NT, iliyotolewa mwaka 1993, ambayo ndiyo mzazi wa Windows za leo. Kuwaka kwake kuna hatua mbili ambazo hapana budi zitofautishwe. Katika hatua ya kwanza, programu ya kupakia husoma diski kwa msaada wa BIOS, yaani maagizo ya msingi yaliyomo katika mashine. Katika hatua ya pili, kiini cha Windows hushika hatamu, huachana na msaada huo, na hutumia draiva zake chenyewe. Iwapo draiva ya diski iliyopo haimo, au imo lakini haikupangiwa kuanza pamoja na kiini, kazi husimama papo hapo. Ndipo hutokea ile skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B na jina INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, maana yake kwamba kifaa cha kuwashia hakifikiki.

Hali hiyo twaweza kuilinganisha na mgeni aliyepokelewa bandarini na mkalimani, akasindikizwa hadi mlangoni, kisha mkalimani akaenda zake. Mgeni yupo na mwenye nyumba yupo, ila hawana lugha ya kusemezana. Vivyo hivyo diski huwa nzima na mafaili yote yamo. Mfasiri anayeandika “diski imeharibika” mahali hapa amemwelekeza msomaji kwenye hasara.

Kwa nini basi kosa hili limezoeleka zaidi katika mashine pepe? Mwanzoni programu za kuunda mashine pepe ziliiga diski za aina ya IDE, ambazo Windows ilizijua tangu zamani. Kuiga huko kulikuwa salama lakini kwa polepole, kwa sababu kila agizo lililopelekwa kwa kifaa kisichokuwapo lilipaswa kunaswa na kutekelezwa na programu nyingine. Mwaka 2008 Rusty Russell, aliyekuwa mtaalamu wa IBM nchini Australia, alichapisha maelezo ya utaratibu ulioitwa virtio. Humo mashine pepe haidanganywi tena: inajua kuwa ni pepe, na hupitisha maombi yake katika foleni inayoshirikiana na mashine mwenyeji. Mwaka 2016 shirika la OASIS liliupitisha utaratibu huo kuwa kiwango rasmi. Kasi iliongezeka, lakini diski za kusimika Windows hazikuwa na draiva za virtio. Msimamizi aliyebadili diski kutoka IDE kwenda virtio kwa mara moja alikutana na 7B.

Tiba nayo ina historia yake. Hadi Windows XP, aliyesimika mfumo alibonyeza kitufe cha F6 na kuingiza disketi yenye draiva, hata pale kompyuta zilipokuwa zimekwisha kuacha disketi. Windows Vista, iliyofika kwa umma mwaka 2007, ilikubali kusoma draiva kutoka CD au kifaa cha USB. Katika mashine pepe ya leo mtu huunganisha CD pepe yenye draiva za virtio, kisha huchagua ile iitwayo viostor au vioscsi, kulingana na aina ya diski aliyoiweka.

Ikiwa Windows imekwisha kusimikwa, njia salama ni hii. Kwanza chukua nakala ya akiba. Rudisha diski kuu katika aina yake ya awali. Ongeza diski ndogo ya pili ya aina ya virtio, washa mashine, na simika draiva. Windows ikikiona kifaa chenyewe, huipanga draiva hiyo ianze pamoja na kiini. Kisha zima mashine, hamishia diski kuu upande wa virtio, na uondoe ile ndogo.

Sasa turudi kwenye istilahi. Katika maandishi yetu mzizi -endesha umebeba mzigo mkubwa: mfumo endeshi, kiendeshi kwa maana ya diski, na kiendeshi kwa maana ya programu ya kifaa. Kanuni ya kuanza na Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa ni njema, nasi twaiheshimu. Lakini neno la kwetu lenye utata laweza kugharimu zaidi kuliko neno la kukopa lililo wazi. Mafundi wamekwisha kusema “draiva” kwa muda mrefu, ndugu wa “dereva” tuliyemzoea barabarani. Kwa hiyo tunapendekeza: draiva kwa programu, diski kwa chombo, na kiendeshi lisitumike peke yake bila kutajwa ni kiendeshi cha nini.

Wafasiri na walimu wenye neno bora tunawaomba watuletee, pamoja na sentensi kamili ya mwongozo ambamo limetumika. Sentensi hiyo apewe mtumishi asiye fundi, aisome, kisha aulizwe: utaondoa nini?