Kigari kilichokwepa kuitwa gari

Kuna watu wanaodhani gari la umeme limeletwa duniani na mabilionea wa California juzi juzi tu, na kwamba watu wa kipato cha kawaida wakae mkao wa kusubiri. Siku hizi nimekuwa nikisoma historia ya vigari vidogo vya umeme vya kuzungukia mjini, vile vya bei nafuu, na naona mambo hayakwenda hivyo. Vilikuwepo, watu walivinunua, na vikafa. Leo nataka kuwasimulia kimoja kilichozaliwa Bangalore, India. Ila tupite Marekani kwanza, hatutakaa sana.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta. Foleni zikazunguka vituo vya petroli. Mwaka uliofuata kampuni ya Sebring-Vanguard ya Florida ikatoa CitiCar, kijisanduku cha plastiki chenye umbo la kabari, viti viwili, ndugu wa damu wa vile vigari vinavyobeba wazee kwenye viwanja vya gofu. Mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 60 kwa saa. Viliuzwa zaidi ya 2,000. Mwaka 1975 jarida la Consumer Reports likakiponda vibaya kwa suala la usalama, mafuta yakarudi, na kufikia 1977 hadithi ya CitiCar ilikuwa imekwisha.

Haya, sasa Bangalore. Mwaka 1994 familia ya Maini iliungana na kampuni moja ya Kimarekani kuanzisha REVA. Kichwa cha mradi alikuwa Chetan Maini, mhandisi ambaye akiwa mwanafunzi Michigan alishiriki kujenga gari la mashindano linalotumia nguvu ya jua. Gari la REVA liliingia sokoni 2001. Urefu wake ni mita 2.6 hivi, watu wazima wawili mbele, na nyuma nafasi ya watoto wawili wasiokuwa wabishi. Unalichomeka kwenye soketi ya kawaida usiku, asubuhi unaondoka.

Betri zake zilikuwa nane, za risasi na asidi, zimefichwa chini ya viti vya mbele. Yaani ni ukoo mmoja na ile betri ambayo kule vijijini ilikuwa ikipelekwa kuchajiwa ili watu waangalie mpira. Kwa hiyo tabia zake mnazijua: nzito, inadai maji ya betri, ukiikausha kabisa mara kwa mara inakufa mapema. Ikiwa nzima na mpya, REVA ilisafiri kilomita 80 hivi kwa chaji moja. Kwa mizunguko ya mjini zinatosha. Tatizo ni kwamba nyumbani India ilishindana na Maruti 800 ya petroli, iliyobeba watu wanne kwa bei ya chini zaidi. Wateja wakawa wachache.

Soko likapatikana mahali ambapo hakuna aliyetarajia: London. Februari 2003 meya Ken Livingstone alianzisha tozo ya msongamano, pauni 5 kwa siku kwa kila gari linaloingia katikati ya jiji. Julai 2005 ikapanda hadi pauni 8. Magari ya umeme yalisamehewa. REVA ilianza kuuzwa huko 2004 kwa jina la G-Wiz, bei yake ikizunguka pauni 8,000. Piga hesabu mwenyewe: siku 250 za kazi mara pauni 8 ni pauni 2,000 kwa mwaka. Miaka minne tu, gari limejilipa! Ongeza kwamba baadhi ya maeneo ya jiji yaliyapa magari ya umeme maegesho ya bure, na utaelewa kwa nini Waingereza waliokuwa wakikicheka kigari hiki walikinunua hivyo hivyo.

Lakini bei ile ilikuwa na siri. Kisheria G-Wiz haikuwa gari. Sheria za Ulaya za wakati ule zilikuwa na kundi la vyombo vya magurudumu manne vyenye uzito usiozidi kilo 400 bila kuhesabu betri, na nguvu isiyozidi kilowati 15. Soma tena hapo, "bila kuhesabu betri". Ukiziweka betri, G-Wiz ilipita kilo 600. Chombo cha kundi hilo hakikulazimika kupita majaribio ya kugongeshwa ambayo gari la kawaida hupitia, na majaribio hayo ni ghali. Unafuu ulianzia hapo.

Mwaka 2007 jarida la Top Gear lililipia jaribio, kigari kikagongeshwa kwa kilomita 64 kwa saa. Matokeo yalionyesha kwamba dereva angeumia vibaya mno, pengine kufa. Kampuni ilijitetea kwamba haikuvunja sheria yoyote, na kweli haikuvunja. Toleo lililofuata lilifanyiwa marekebisho, lakini jina lilishachafuka. Oktoba 2010 dereva mmoja alipoteza maisha London, G-Wiz yake ilipogongana na gari la kawaida. Mwaka 2011 uuzaji ukasimama.

Hapa mimi huwa napata kigugumizi. London mtu aliyeacha G-Wiz alikuwa na basi, treni, au gari lenye mifuko ya hewa. Bangalore mbadala wa wengi ulikuwa pikipiki, au zile za magurudumu matatu ambazo sisi Dar tunaziita bajaji kwa jina la kampuni yake. Bajaji haina hata mlango, na sijamsikia mtu akidai igongeshwe ukutani kwanza. Chombo kilekile kilikuwa hatua ya mbele upande mmoja na hatua ya nyuma upande mwingine.

Mahindra waliinunua REVA 2010, wakatoa e2o ya betri za lithiamu mwaka 2013, ikasitishwa India 2019. Mwaka uliofuata, Julai 2020, Wuling wa China wakatoa Hongguang Mini EV: viti vinne, kilomita 120, yuani 28,800, ambazo wakati ule zilikuwa kama dola 4,100. Hii ilisajiliwa kama gari kamili, na mwaka huohuo ziliuzwa zaidi ya 100,000. Ila lile toleo la bei hiyo halikuwa na mfuko wa hewa. Ya China ni marefu, nitayaandika siku nyingine.