Mkopo wa nyumba wakati wa majaribio kazini: hali ilivyo Kenya na katika nchi jirani

Mtu aliyepata kazi mpya yenye mshahara mzuri hudhani kwamba mlango wa benki umemfungukia. Nchini Kenya, hali huwa tofauti. Mpaka mfanyakazi atakapothibitishwa kazini, benki nyingi huahirisha au hukataa ombi lake la mkopo wa nyumba, hata kama analipwa maradufu ya alivyolipwa zamani. Asiyelifahamu jambo hili mapema huweza kupoteza akiba ya miaka mingi, kwa kuwa huenda ameshamlipa muuzaji sehemu ya bei kabla ya kupata jibu la benki.

Sheria ya kazi inasemaje

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6. Mwajiri anaweza kukiongeza kwa miezi mingine 6 iwapo mfanyakazi atakubali, lakini jumla yake haiwezi kupita miezi 12. Katika muda huo, kila upande unaweza kuuvunja mkataba kwa kutoa notisi ya siku 7, au mwajiri kumlipa mfanyakazi mshahara wa siku 7 badala ya notisi.

Mwezi Julai mwaka 2021, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba mfanyakazi aliye katika majaribio naye anastahili kusikilizwa kabla ya kuachishwa kazi. Uamuzi huo haukuigusa notisi ya siku 7, na ni notisi hiyo ambayo benki huitazama kwa wasiwasi.

Kwa nini benki husita

Mkopo wa nyumba hulipwa kwa miaka 10, 15, hata 25. Kwa benki, ukubwa wa mshahara ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni kama mshahara huo utaendelea kuwapo. Kipato kinachoweza kukatika kwa notisi ya wiki moja hakiwezi kubeba deni la miaka 20. Kwa sababu hiyo, waombaji hutakiwa kuleta barua ya uthibitisho wa kazi, hati za mshahara za miezi kadhaa na taarifa za akaunti zinazoonyesha mshahara ukiingia. Mfanyakazi mpya mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo kilichokamilika.

Kuficha hali ya majaribio hakusaidii. Kabla ya kuidhinisha mkopo, benki huwasiliana na mwajiri na kuuliza tarehe ya kuajiriwa, aina ya mkataba na kama mfanyakazi amethibitishwa. Taarifa ya uongo katika ombi huweza kuliangusha ombi lote na kumharibia mwombaji sifa mbele ya benki hiyo.

Kipimo kingine ni makato. Sheria hiyohiyo ya Ajira inataka makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 120,000 lazima abakiwe na angalau shilingi 40,000 baada ya kodi, michango ya lazima na marejesho ya mikopo yanayokatwa kwenye mshahara. Makato ya nyumba za gharama nafuu ya asilimia 1.5 nayo huanza na mshahara wa kwanza, bila kungoja uthibitisho.

Mikopo ya nyumba yenyewe bado ni michache. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zinaonyesha kwamba mwishoni mwa mwaka 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo takriban 30,000 tu ya aina hiyo, ilhali sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Kampuni ya KMRC, iliyopata leseni mwaka 2020, huzikopesha benki na vyama vya ushirika wa akiba na mikopo fedha za muda mrefu ili riba ipungue. Haimkopeshi mtu mmojammoja, na taasisi inayomkopesha mteja ndiyo inayompima.

Siku 90 na miezi 6

Hatari kubwa zaidi imo katika mkataba wa mauziano. Kwa desturi ya Kenya, mnunuzi hulipa asilimia 10 ya bei anapotia saini, na salio hutakiwa ndani ya siku 90. Nyumba ya shilingi milioni 6 humtoa mnunuzi shilingi 600,000 siku ya kwanza. Mtu aliyeanza kazi mwezi Januari na kutia saini mwezi Februari atafikiwa na siku ya kulipa salio mwezi Mei, ilhali majaribio yake yanamalizika Juni au baadaye. Benki ikikataa kutoa fedha kabla ya uthibitisho, muuzaji anaweza kuuvunja mkataba na, kwa kutegemea masharti yake, kuzuia malipo ya awali.

Kinga ni kumtaka wakili aandike sharti kwamba mkataba utategemea kuidhinishwa kwa mkopo, na kwamba mkopo ukikataliwa malipo ya awali yatarudishwa. Muuzaji asipokubali, mnunuzi anaweza kuomba muda mrefu zaidi wa kukamilisha ununuzi, au asitie saini kwanza. Barua ya benki ya kukubali kimsingi humwonyesha mteja kiasi anachoweza kukopeshwa, lakini si ahadi ya mwisho. Kwa kawaida hubeba masharti, na uthibitisho wa kazi huweza kuwa mojawapo.

Njia nyingine

Wanandoa wanaweza kuomba mkopo kwa pamoja, na mwenye ajira iliyothibitishwa akabeba sehemu kubwa ya tathmini. Aliyehama kutoka kazi moja kwenda nyingine ya fani ileile bila pengo anaweza kuwasilisha hati za mwajiri wa zamani; baadhi ya wakopeshaji huzizingatia. Mwajiri naye anaweza kuombwa afupishe majaribio au atoe barua ya tathmini mapema. Vyama vya akiba na mikopo huangalia zaidi akiba na wadhamini, ingawa vingi humtaka mwanachama mpya achangie kwa miezi kadhaa kabla ya kukopa.

Aliyekuwa na mkopo wa wafanyakazi kwa mwajiri wake wa zamani, hasa waliotoka katika benki, achunguze riba yake. Mara nyingi nafuu ya riba hukoma siku ya kuacha kazi, na marejesho ya kila mwezi hupanda wakati uleule ambapo kazi mpya haijathibitishwa.

Akikosa kulipa

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, deni likichelewa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kumpa mdaiwa notisi ya siku 90 alipe. Asipolipa, hupewa notisi nyingine ya siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi.

Nchi jirani

Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaruhusu majaribio ya miezi 6, yanayoweza kuongezwa kwa miezi 6 kwa ridhaa ya mfanyakazi, na notisi yake ni siku 14. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2007 zinaweka ukomo wa miezi 12, na mfanyakazi asiyetimiza miezi 6 kwa mwajiri hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Nchini Rwanda, sheria ya mwaka 2018 imeweka miezi 3, inayoweza kuongezwa kwa miezi mingine 3 baada ya tathmini ya maandishi.

Kwa raia wa nchi jirani wanaofanya kazi Kenya, lipo jambo jingine la kuzingatia: Katiba ya mwaka 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa upangaji usiozidi miaka 99. Hati ya nyumba na muda uliosalia wa upangaji ni lazima vikaguliwe kabla ya kwenda benki.

Kwa anayeingia kazini leo, mpangilio ulio salama zaidi ni huu: kusoma kifungu cha majaribio katika barua ya ajira, kuhesabu tarehe yanapomalizika, kutumia muda huo kukusanya hati na kuongeza akiba, kisha kutia saini ya ununuzi baada ya barua ya uthibitisho kutoka.