Tathmini ya Utendaji Kazi: Mrejesho wa Mwaka Mzima, Si Alama za Mwezi Juni

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Kwa mtumishi wa umma, tarehe hizo mbili ndizo mipaka ya tathmini ya utendaji kazi wake: katika ya kwanza huahidi, na katika ya pili huulizwa ametimiza nini. Hata hivyo, kinachoamua iwapo tathmini itamjenga mtumishi au itabaki kuwa karatasi ya kutimiza utaratibu ni kile kinachosemwa, au kisichosemwa, baina yake na msimamizi wake katika miezi iliyo katikati.

Makala hii inaeleza chimbuko la tathmini ya wazi katika utumishi wa umma nchini Tanzania, hatua zake, sifa za mrejesho unaojenga, pamoja na haki ambazo sheria inampa mfanyakazi anayeambiwa kwamba utendaji wake hauridhishi.

Kutoka taarifa ya siri hadi tathmini ya wazi

Kabla ya mwaka 2004, mtumishi wa umma alipimwa kwa taarifa ya siri ya mwaka. Msimamizi aliandika maoni yake kuhusu bidii, tabia na uwezo wa mtumishi, kisha akayapeleka ngazi ya juu. Mtumishi mwenyewe hakushirikishwa. Aliyekosea hakuambiwa mahali alipokosea, hivyo hakupata nafasi ya kujirekebisha. Aliyefanya vizuri hakujua ni jambo gani katika kazi yake lilithaminiwa. Aidha, usiri huo ulitoa mwanya kwa upendeleo na chuki binafsi, kwa kuwa maoni ya msimamizi hayakuhitaji ushahidi wala hayakupingwa na mtu.

Mabadiliko yalitokana na Sera ya Menejimenti na Ajira katika Utumishi wa Umma ya mwaka 1999, ikifuatiwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 na Kanuni zake za mwaka 2003. Kupitia Waraka wa Utumishi Na. 2 wa mwaka 2004, Serikali ilianzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake, OPRAS. Neno lenye uzito katika jina hilo ni "wazi". Kuanzia hapo mtumishi alipaswa kujua atapimwa kwa lipi, kushiriki katika kujipima, na kuona alama aliyopewa kabla haijapelekwa kokote.

Mwaka 2023 Serikali ilianza kuhama kutoka fomu za karatasi kwenda kwenye mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa utendaji kazi wa watumishi wa umma, PEPMIS, ambao humwezesha mtumishi kuweka majukumu yake na kuripoti utekelezaji, na msimamizi kuyapitia hatua kwa hatua. Teknolojia imebadilika, lakini misingi iliyowekwa mwaka 2004 ingali ndiyo inayofafanua vizuri zaidi tathmini ya wazi inavyopaswa kuwa, na inafaa ieleweke kwa kila mtumishi.

Hatua za tathmini katika mwaka

Hatua ya kwanza ni makubaliano ya utendaji kazi mwanzoni mwa mwaka. Chini ya utaratibu wa OPRAS, msimamizi na mtumishi waliketi pamoja na kukubaliana mambo manne: malengo, shabaha, vigezo vya kupimia na rasilimali zitakazotumika. Jambo hilo la nne mara nyingi hupewa uzito mdogo kuliko linavyostahili. Afisa ugani anayekubali kutembelea vikundi vya wakulima katika kila kijiji cha kata yake anahitaji usafiri na mafuta. Ikiwa rasilimali hizo hazikuandikwa mwezi Julai, mwezi Juni itakuwa vigumu kutofautisha uzembe na ukosefu wa nyenzo.

Hatua ya pili ni mapitio ya nusu mwaka, ambayo chini ya OPRAS yalifanyika mwezi Desemba. Hapa hutazamwa maendeleo yaliyofikiwa na vikwazo vilivyojitokeza, na malengo yanaweza kurekebishwa kwa makubaliano ya pande zote mbili endapo mazingira yamebadilika. Mapitio haya ndiyo kinga kubwa ya mtumishi, kwa kuwa bado kuna miezi sita ya kurekebisha. Mapitio ya Desemba yanapojazwa mwezi Juni, kwa mkupuo mmoja na tathmini ya mwaka, kinga hiyo huondoka.

Hatua ya tatu ni tathmini ya mwaka. Kwa kila lengo, fomu ya OPRAS ilikuwa na nafasi tatu za alama: ile anayojipa mtumishi, ile anayotoa msimamizi, na ile wanayokubaliana. Alama zilianzia 1, yaani utendaji wa kiwango cha juu kabisa, hadi 5, yaani utendaji dhaifu sana. Mbali na malengo, zilipimwa pia sifa za utendaji mzuri, zikiwemo mahusiano kazini, mawasiliano na usikivu, ubora na wingi wa kazi, uwajibikaji, kumjali mteja na uadilifu. Mtumishi alikuwa na sehemu ya kuandika maoni yake, na endapo kulikuwa na mtu wa tatu aliyeshuhudia kikao, naye aliandika yake. Mwisho wa fomu ulihusu hatua za kuchukua: tuzo, mafunzo au hatua nyingine stahiki.

Mpangilio huo una hekima. Alama ya tatu, ile ya makubaliano, haiwezi kupatikana bila mazungumzo. Wawili hao wanapokubaliana bila kuzungumza, ama mtumishi amenyamaza kwa woga, ama msimamizi ametoa alama nzuri ili kuepuka usumbufu.

Mrejesho unaojenga ni upi?

Si kila mrejesho humsaidia mfanyakazi. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu mrejesho. Walibaini kwamba kwa wastani mrejesho huinua utendaji, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyachambua, utendaji ulishuka baada ya mrejesho kutolewa. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyoondoa macho ya mtu kwenye kazi na kuyaelekeza kwenye nafsi yake. Anayeambiwa jinsi kazi ilivyokwenda hufikiri namna ya kuifanya vizuri zaidi. Anayeambiwa yeye ni mtu wa namna gani hufikiri namna ya kujitetea.

Tuchukue mfano wa mtunza kumbukumbu katika masjala ya ofisi ya umma. Msimamizi anaweza kumwambia, "Wewe ni mvivu, na watu wanakulalamikia." Maneno hayo yanaumiza, lakini hayamwelezi afanye nini kesho asubuhi. Msimamizi mwingine anaweza kusema, "Wiki iliyopita majalada manne yaliyoombwa na Idara ya Ardhi yalitoka baada ya siku tatu, ilhali tulikubaliana yatoke siku hiyo hiyo. Wananchi wawili waliokuwa wakisubiri walirudi nyumbani bila huduma. Ni nini kilichokwamisha?" Katika kauli hii ya pili kuna tukio linaloweza kuthibitishwa, kiwango kilichokubaliwa, athari kwa mwananchi, na swali linalompa mtumishi nafasi ya kueleza. Huenda ikabainika kwamba kitabu cha kuandikia mienendo ya majalada hakijazwi na idara inayoyachukua, na kwamba kasoro haiko masjala.

Kutokana na mfano huo, mrejesho unaojenga una sifa zifuatazo:

Kwanza, unahusu jambo mahususi lililotendeka, si tabia ya jumla ya mtu.

Pili, unatolewa mapema, wakati tukio lingali katika kumbukumbu na marekebisho yanawezekana.

Tatu, unarejea kiwango kilichokubaliwa tangu awali, si matakwa ya msimamizi ya siku hiyo.

Nne, unasikiliza kabla ya kuhitimisha.

Tano, unaishia na makubaliano: nani atafanya nini, na lini watakutana tena kupima mabadiliko.

Sifa hizi zinahusu pongezi pia. "Hongera, endelea hivyo hivyo" ni maneno mazuri, lakini yana faida ndogo kuliko kumweleza muuguzi kwamba namna alivyopanga foleni ya kliniki ya watoto imewawezesha akina mama kuondoka mapema. Anayejua alichofanya vizuri anaweza kukirudia na kuwafundisha wenzake.

Heshima na ukweli katika sehemu ya kazi

Katika ofisi nyingi nchini, msimamizi anaweza kuwa kijana aliyehitimu miaka michache iliyopita, na anayemsimamia ni mtu wa rika la mzazi wake ambaye humwamkia "shikamoo" kila asubuhi. Msimamizi wa namna hiyo huona ugumu kumweleza mkubwa wake kiumri kwamba kazi haikwenda sawa, na mara nyingi huamua kunyamaza.

Kunyamaza huko huonekana kuwa heshima, lakini matokeo yake si ya heshima. Kasoro isiyosemwa hukua, hadi siku moja inasemwa na mkaguzi, au na mwananchi mbele ya watu. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Heshima haizuii ukweli. Huelekeza namna ya kuusema. Mrejesho kwa mtu mzima, kama ilivyo kwa yeyote, utolewe faraghani, kwa lugha ya staha, ukianza kwa kutambua uzoefu wake na kumwomba maoni yake juu ya tatizo. Kumkaripia mtumishi mbele ya wenzake au wateja hakumrekebishi, bali humfundisha kuficha makosa.

Mtumishi naye ana wajibu. Kupokea mrejesho ni kusikiliza hadi mwisho, kuomba mfano pale maelezo yasipoeleweka, na kutunza kumbukumbu za kazi alizofanya ili aweze kuzungumza kwa ushahidi. Vilevile ana wajibu wa kumwambia msimamizi wake, mapema na kwa staha, pale maelekezo yanapogongana au vifaa vinapokosekana. Anayesubiri hadi Juni kueleza kwamba kompyuta iliharibika Oktoba atakuwa amejinyima utetezi wake.

Kuna kasoro nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni kumpa kila mtu alama nzuri ili pasiwe na manung'uniko. Jambo hilo huwavunja moyo wanaojituma, kwa kuwa huona jitihada zao hazitofautishwi na uzembe wa wengine, na humnyima mwenye upungufu mafunzo ambayo yangemsaidia.

Mrejesho kama haki ya kisheria

Kwa wafanyakazi wanaoajiriwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, mrejesho ni zaidi ya suala la busara. Sheria hiyo inamtaka mwajiri anayemwachisha mfanyakazi kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinafafanua hali ya utendaji usioridhisha. Miongoni mwa maswali yanayopaswa kujibiwa ni iwapo mfanyakazi alikijua kiwango kilichotakiwa, iwapo kiwango hicho kilikuwa cha haki, kwa nini hakukifikia, na iwapo alipewa nafasi ya kutosha kukifikia.

Mwajiri anatakiwa achunguze sababu za upungufu, atoe mwongozo na, inapobidi, mafunzo, na ampe mfanyakazi muda wa kutosha wa kujirekebisha. Kabla ya uamuzi wa mwisho, anapaswa kukutana na mfanyakazi huyo, ambaye anaruhusiwa kuandamana na mfanyakazi mwenzake ili amsaidie. Kwa aliye katika kipindi cha majaribio, ambacho hakipaswi kuzidi miezi 12, kanuni zinamtaka mwajiri afuatilie utendaji wake na kukutana naye mara kwa mara kujadili tathmini hiyo.

Mfanyakazi anayeamini kwamba ameachishwa kazi isivyo halali anaweza kuwasilisha mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Mtumishi wa umma hutakiwa kwanza kutumia njia za rufaa zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma. Katika njia zote mbili, kumbukumbu za tathmini, mihtasari ya vikao na barua za maelekezo huwa na uzito mkubwa. Mwajiri asiye na kumbukumbu za mrejesho atapata ugumu kuthibitisha kwamba alitoa nafasi ya kujirekebisha, na mfanyakazi asiye na nakala zake atapata ugumu kuthibitisha kwamba alijirekebisha.

Nafasi ya mwananchi

Tathmini ya mtumishi hatimaye inamhusu mwananchi, kwa sababu malengo yanayopimwa ni huduma anazozisubiri. Taasisi nyingi za umma zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja unaoonesha muda na ubora wa huduma anaoustahili. Mwananchi anayeusoma mkataba huo na kutoa maoni yanayotaja huduma, siku na kilichotokea, humpa msimamizi taarifa anayoweza kuifanyia kazi. Lawama ya jumla kwamba "ofisi hii haifai" haimpi mtu pa kuanzia.

Wasimamizi wanakumbushwa kufanya mapitio ya nusu mwaka kwa wakati wake, na watumishi kutunza nakala za makubaliano yao tangu mwezi Julai. Mazungumzo yakifanyika mwaka mzima, alama ya Juni haitakuwa habari mpya kwa yeyote kati yao.