Kufuta Athari za Kuvinjari Zilizojificha Katika Kompyuta

SUALI:

Sisi ni watu wa Pemba, tunafanya biashara Nachingwea na Ruangwa. Tunataka kuuza kompyuta ya nyumbani ambayo hata watoto waliitumia. Historia tumeifuta, lakini fundi wa stesheneri ametwambia bado kuna mafaili yamejificha. Jee, kuyafuta inafaa, au ni kuficha maovu?

JAWABU:

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume Wake.

Fundi wenu kasema kweli. Internet Explorer ya zamani iliandika anuani za kurasa katika faili lililofichwa, index.dat, na mara nyingi zilibakia humo hata baada ya historia kufutwa. Kuanzia toleo la 10, mwaka 2012, kazi hiyo ikahamia WebCacheV01.dat. Firefox hutumia places.sqlite, na Chrome hutumia faili liitwalo History.

Namna ya kufuta:

1. Fungua kivinjari, bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Chagua muda wote, kisha historia, vidakuzi na picha zilizohifadhiwa. Rudia kwa kila kivinjari.

2. Kama mliingia kwa akaunti ya Google, kumbukumbu huenda zimo katika akaunti pia. Zifuteni huko, kisha mtoke.

3. Faili likifutwa, yaliyomo huweza kubakia kwenye diski mpaka yaandikwe mengine juu yake. Kwa hiyo kabla ya kuuza, hifadhini vitu vyenu pengine, kisha katika Windows nendeni Reset this PC, mchague kuondoa kila kitu na kusafisha diski.

Ama hukumu yake, asili ni kuwa inafaa. Katika kompyuta ya familia mna picha za wake na watoto, barua na nywila, na kuzilinda ni katika kuhifadhi sitara. Na hata aliyeteleza akaangalia ya haramu hatakiwi kujitangaza. Maana ya hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim ni kuwa wanaodhihirisha madhambi yao ndio wanaokosa msamaha ule. Lakini kufuta faili si toba. Toba ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi.

Haifai kufuta pale penye haki ya mtu: kompyuta ya ofisi ambayo ni amana mkononi mwako, au kumbukumbu za deni na mapatano ya mauzo ya korosho au ufuta.

Naye mnunuzi akikuta mabaki, asiyapekue. Suratul-Hujuraat, aya ya 12, inakataza kuchunguzana. Mzazi ana jukumu la kuwasimamia watoto wake. Basi kama mmekuta jambo, kaeni nao na mwaseme kwa upole kabla kompyuta haijatoka nyumbani, kwani faili likishafutwa, tatizo la mtoto linabaki.

Wallaahu a'lam.