Kutoka Nasik hadi Urambo



Baadhi yenu mmeniomba niwaeleze zaidi juu ya ule mji mtakatifu wa Wahindu nilioutaja kwa kifupi katika mahubiri ya Dominika. Mji huo unaitwa Nasik, nao upo magharibi mwa India, kando ya mto Godavari. Nilifika huko kwa basi wakati nilipokuwa masomoni Pune, nikiwa na wanafunzi wenzangu wawili. Nakiri kwamba nilikwenda kama mtazamaji tu. Sikutazamia hata kidogo kwamba safari ile ingenirudisha Tabora.

Wahindu huuheshimu mji wa Nasik kwa sababu ya masimulizi ya utenzi wao mkuu, Ramayana. Wanasadiki kwamba Rama, pamoja na mkewe Sita na ndugu yake Lakshmana, waliishi mahali paitwapo Panchavati, ng'ambo ya mto, wakati wa miaka yao ya uhamishoni. Karibu na hapo lipo bwawa la Ramkund. Tulifika alfajiri, na tayari ngazi za mawe zilikuwa zimejaa watu. Wengine walioga wakisali, na wengine walileta majivu ya marehemu wao wayakabidhi kwa maji. Nilimwona mama mmoja mzee akiteremka ngazi zile polepole, chombo kidogo cha udongo amekikumbatia kifuani, wala hakumtazama mtu yeyote. Yapata kilomita 30 kutoka hapo, huko Trimbak, ndiko mto unakoanzia, napo pana hekalu mashuhuri. Kila baada ya miaka 12 hufanyika huko sikukuu kubwa ya Kumbh, ambayo huvuta mamilioni ya mahujaji, kama ilivyokuwa mwaka 2015.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha kuzitazama dini za wengine kwa heshima. Mbele ya mama yule sikuhitaji kukumbushwa fundisho hilo.

Lakini mji mtakatifu nao una malango yake. Lipo pale hekalu la Kalaram, lenye sanamu nyeusi ya Rama. Mwaka 1930 Dakta Ambedkar aliongoza maelfu ya watu wa tabaka lililohesabiwa kuwa najisi wakadai kuingia humo kusali, wakazuiwa mlangoni. Walidai kwa miaka kadhaa bila kufunguliwa. Mwenzangu mmoja, aliyezaliwa katika mojawapo ya familia hizo, alilitazama lango lile muda mrefu, kisha akanigeukia akasema, "Na watu wako pia waliishi hapa, Padre. Njoo nikuonyeshe." Akatupeleka Sharanpur.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopata somo. Katika karne ya 19 manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, na baadhi ya watoto waliookolewa walipelekwa Bombay. Wamisionari wa Kianglikana walifungua makao huko Sharanpur, pembeni mwa Nasik, wakawalea watoto hao na kuwafundisha kusoma, useremala na uhunzi. Basi watoto wa Kiyao, na wa makabila mengine ya kwetu, walikua katika mji ule wa mahujaji. Mmoja wao ndiye aliyeitwa Jacob Wainwright, kwa jina ambalo hakupewa na mama yake.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wenu mmefika Kwihara, kwenye lile tembe ambalo wenyeji huliita la Livingstone. Jengo la leo limejengwa upya, lakini mahali ni pale pale. Daktari Livingstone na Stanley walifika hapo pamoja mwezi Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka mwezi Machi kuelekea pwani, na Livingstone akabaki Kwihara akisubiri wapagazi hadi mwezi Agosti. Miongoni mwa watu waliokuja kutoka pwani walikuwamo vijana wa Nasik: Jacob Wainwright, Matthew Wellington, Carras Farrar na wengineo. Fikirini, vijana waliotolewa bara wakiwa watumwa wanarudi bara kwa njia ile ile ya misafara, wakiwa huru. Njiani wanapishana na minyororo iliyowafunga wao.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Chuma na Susi, watumishi wake wa muda mrefu, waliwaongoza wenzao. Walizika moyo wa marehemu chini ya mti, Wainwright akasoma sala za maziko na kuchonga jina na tarehe kwenye gome. Mwili waliukausha, wakaufunga, wakaubeba. Hakuna aliyewaamuru.

Walipofika Kwihara mwezi Oktoba walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyetumwa kwenda kumsaidia Livingstone. Yeye aliona ingefaa wamzike hapo hapo Unyanyembe. Walikataa. Mbele kidogo, huko Kasekera, wakapata habari kwamba wenyeji hawaruhusu maiti ipite katika nchi yao. Hapo wapagazi walifanya jambo ambalo kila nikilisimulia watoto wa mafundisho hucheka, nami hucheka pamoja nao. Walifunga mabua ya mtama katika nguo, wakayafanya yafanane na maiti, na watu sita wakayabeba kwa huzuni kubwa kurudi Unyanyembe, eti wanakwenda kuzika. Usiku ulipoingia, waliyatawanya porini na kurudi kwa wenzao kimyakimya. Mwili wenyewe ulikwisha kufungwa upya kama robota la nguo, ukaendelea na safari pamoja na mizigo mingine.

Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukapokelewa katika misheni ya mapadre wetu wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mprotestanti wa Uskoti, aliyebebwa na Waafrika waliobatizwa na wasiobatizwa, analazwa katika kanisa la Wakatoliki! Kisha Waingereza walimpeleka kwao. Nauli ilipatikana kwa Wainwright, naye akawa mmoja wa walioshika jeneza huko Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi waliachwa, wakafika Uingereza maziko yakiwa yamekwisha.

Nimeulizwa kama watoto wale walijifunza kuwaheshimu wafu pale Ramkund. Sidhani kwamba tunahitaji kwenda mbali hivyo. Myao au Mnyamwezi hafundishwi na mtu mwingine kwamba marehemu hurudishwa kwa watu wake. Ninachokiona mimi ni kwamba miji hii miwili inafanana kwa jambo lenye uchungu. Nasik ilikuwa na wahujaji wake na waliofungiwa nje. Njia ya Tabora ilipitisha pembe za ndovu, watumwa na wahubiri wa Injili. Kanisa letu halikuwa na njia nyingine ya usafi. Wamisionari wa Afrika walioondoka Bagamoyo mwezi Juni 1878 walipita humo humo, wakimpoteza Padre Pascal mwezi Agosti kabla ya kufika Tabora. Na watoto waliolelewa Kipalapala katika miaka ya 1880 walikombolewa kwa fedha, yaani walinunuliwa kwa wale wale waliowauza. Mimi nashukuru kwamba walikombolewa. Lakini bei ililipwa, na mwuzaji alikwenda na fedha yake.

Matthew Wellington aliishi Mombasa hadi mwaka 1935. Jacob Wainwright hakukaa pwani. Alirudi tena bara, akafariki Urambo mwaka 1892, mahali ambapo wamisionari wa Kiprotestanti kutoka London walikuwa na kituo tangu mwaka 1879. Urambo, ndugu zangu! Kilomita 90 hivi kutoka hapa, na mimi nimeadhimisha Misa huko mara nyingi bila kulitaja jina lake.

Jumamosi ijayo basi letu la hija litaondoka parokiani saa 12 asubuhi, kwanza Kwihara, kisha Urambo. Kila mmoja aje na chakula chake na maji ya kutosha. Na kama yupo mzee aliyewahi kuonyeshwa na wazee wake mahali alipolazwa Wainwright, namsihi anijulishe kabla ya Ijumaa jioni.